Orodha ambayo Lubumbashi bado haijaiandika

Mwishoni mwa karibu kila TFC, ile kazi ya kumalizia masomo, inayotoka Chuo Kikuu cha Lubumbashi, baada ya orodha ya vitabu, kuna ukurasa wenye kichwa cha "Webographie". Hapo mwanafunzi anaandika anwani za tovuti alizozisoma na tarehe aliyozifungua. Kazi inachapwa burotiki (kwenye duka la kuchapa kwa kompyuta), inafungwa kwa jalada la plastiki, nakala moja inabaki maktabani. Kitabu alichokitaja mwanafunzi wa mwaka 2009 unaweza kukitafuta hadi leo ukakipata, kama si rafuni basi kwa mwalimu aliyekiazima. Anwani zake za tovuti zina maisha mengine. Ukiziandika kwenye simu, kuna zinazokuletea ukurasa mweupe wenye ujumbe wa kosa. Kuna zinazofungua matangazo ya kamari, kwa sababu jina la tovuti liliachwa bila kulipiwa na mtu mwingine akalinunua. Na zipo zinazofunguka vizuri kabisa, ila maneno yaliyomo siyo yale aliyoyasoma mwanafunzi.

Aina hiyo ya mwisho ndiyo inayonitisha zaidi. Ukurasa uliokufa unajitangaza wenyewe. Ukurasa uliobadilishwa kimyakimya unamfanya mwandishi aonekane mwongo, naye hana cha kuonyesha.

Tatizo hili ni la dunia nzima na limepimwa. Mwaka 2024 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitoa matokeo yake: katika kurasa zilizokuwepo mtandaoni mwaka 2013, asilimia 38 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Wanasheria wa Harvard nao walikagua viungo vilivyotajwa kwenye hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani, na katika utafiti waliouchapisha mwaka 2014 walikuta kwamba karibu nusu havimpeleki tena msomaji kwenye maelezo ambayo majaji walikuwa wameyategemea. Ndiyo maana maktaba ya sheria ya Harvard ilianzisha huduma ya Perma.cc: unapotaja ukurasa, maktaba inachukua nakala yake siku ileile na kukupa anwani mpya isiyobadilika. Ikiwa mahakama tajiri kiasi hicho inapotewa na nusu ya marejeo yake, tusishangae ya TFC yetu.

Sababu za vifo hivi hapa kwetu tunazifahamu. Seva inalipiwa kwa dola, na mwaka ambao hela haikupatikana tovuti inazimwa. Fundi aliyeitengeneza anahamia Kolwezi au Johannesburg na kuondoka na nywila. Mradi wa wafadhili unafungwa na tovuti yake inaufuata. Mkubwa mpya anaingia ofisini, anaagiza tovuti mpya, na taarifa za aliyemtangulia zinafutwa zote kwa siku moja. Hata jina la nchi linaweza kuzika anwani. Zaire ilikuwa na herufi zake mtandaoni, .zr. Mwaka 1997 nchi ikarudi kuitwa Kongo, tukapewa .cd, na mwaka 2001 .zr ikafutwa kwenye mfumo mzima wa majina ya intaneti. Anwani yoyote iliyoishia na herufi hizo haina tena pa kwenda.

Watu wengi wanajifariji kwamba intaneti haisahau, kwamba mahali fulani kuna mashine inayonakili kila kitu. Nataka kubishana na imani hiyo kwa nguvu zangu zote. Mashine zipo na zinafanya kazi nzuri mno. Lakini kila moja inaanza na orodha ya anwani, na orodha hiyo huandikwa na binadamu. Anayeiandika ndiye anayeamua wajukuu wetu watasoma nini juu ya Lubumbashi ya miaka hii. Kwa sasa anayeandika haishi hapa.

Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu, maana ukishaelewa inavyofanyika utaona pengo liko wapi. Wahifadhi wanatumia programu tambazi. Mojawapo iliyotumika sana, Heritrix, ilitengenezwa na shirika la Internet Archive la San Francisco kwa kushirikiana na maktaba za taifa za nchi za kaskazini mwa Ulaya, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Programu inapewa anwani za kuanzia, ambazo wenye kazi wanaziita mbegu. Tuseme mbegu ni ukurasa wa mbele wa redio ya mtaa. Programu inauomba ukurasa ule kwa namna ileile simu yako inavyouomba. Seva inajibu, na programu inaandika jibu lote: maneno, anwani, tarehe na saa hadi sekunde, aina ya faili, hata maelezo ambayo seva inayatuma na ambayo macho yetu hayayaoni. Kisha inasoma ndani ya ukurasa, inakuta viungo, picha na faili za mpangilio wa rangi na herufi, inakwenda kuvichukua kimoja kimoja. Kila kiungo kinazaa vingine. Yote yanawekwa kwenye faili kubwa ya muundo uitwao WARC, ambao tangu mwaka 2009 ni kiwango cha kimataifa, ISO 28500. Msomaji akija miaka ishirini baadaye, programu nyingine inachukua vipande hivyo na kuujenga ukurasa upya kama ulivyokuwa siku ile.

Ni kazi ya kupendeza, na ina mipaka yake. Programu haijui nywila, kwa hiyo kilichofungwa ndani ya akaunti inakiacha. Haiandiki swali kwenye kisanduku cha kutafutia, kwa hiyo hati zinazojitokeza kwa kutafutwa tu zinabaki nje. Video na sauti zinazoletwa kutoka kwenye seva ya mtu wa tatu mara nyingi zinakosekana. Na tangu mwaka 1994 kuna faili ndogo, robots.txt, ambayo mwenye tovuti anaiweka kuzikataza programu za namna hii zisiingie. Mafundi wengine wanainakili kutoka tovuti nyingine bila kujua inasema nini, nao wanajikuta wameifungia milango historia ya shirika lao wenyewe.

Fungua nakala za zamani za chombo kidogo cha habari cha jimbo letu kwenye Wayback Machine, ile huduma ya Internet Archive iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001. Juu utaona miaka imepangwa, na kalenda yenye alama kwenye siku ambazo programu ilipita. Mwaka mmojawapo una alama nyingi, mwingine una moja, mwingine mtupu. Unabonyeza. Kichwa cha habari kipo, cha Kifaransa au cha Kiswahili. Fremu ya picha ipo, picha haipo. Kitufe cha kusikiliza kipo, ukikigusa hakitoi sauti. Kwa redio hasara hiyo ni kubwa ajabu: limebaki jina la kipindi, na kipindi chenyewe kimepotea.

Kwa nini alama ni chache? Programu inayozunguka dunia nzima inafuata viungo. Tovuti inayotajwa na wengi inatembelewa mara nyingi, na isiyotajwa na mtu inangoja. Tovuti ya Kiswahili ya Lubumbashi inatajwa na nani? Wasomaji wake wanatumiana habari kwa WhatsApp, na huko programu haifiki kabisa. Tunasomwa sana na kuunganishwa kidogo.

Historia ya kazi hii inaonyesha kwamba kulikuwa na njia zaidi ya moja tangu mwanzo. Mwaka 1996 Brewster Kahle alianzisha Internet Archive akitaka kuchukua chochote kinachochukulika duniani. Mwaka huohuo Maktaba ya Kifalme ya Sweden ilianza kuzoa tovuti za Sweden zote kwa mkupuo, na Maktaba ya Taifa ya Australia ikaanza kwa mtindo tofauti kabisa: mkutubi anachagua tovuti moja, anaomba ruhusa ya mwenyewe, anainakili, anakagua kama picha zote zimeingia. Julai 2003 taasisi 12 zilikutana kwenye Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, Paris, zikaunda muungano wa kimataifa wa kuhifadhi intaneti, IIPC. Kati ya hizo 12 hakukuwa na hata moja ya Afrika.

Ufaransa ilikuwa na msingi wa siku nyingi. Mwaka 1537 mfalme Francis wa Kwanza aliamuru kila kitabu kinachochapwa kipelekewe nakala maktaba yake, na sheria ya mwaka 2006 ikapeleka wajibu huo hadi kwenye tovuti. Denmark inafanya hivyo tangu 2005, Uingereza tangu 2013. Kongo nasi tuna msingi, tusijidharau: sheria ya Januari 1974 inayowalazimisha wachapishaji kuweka nakala za machapisho yao, na sheria ya Julai 1978 juu ya nyaraka. Zote ni za enzi za Zaire, zilipotungwa hakuna aliyejua kwamba siku moja gazeti litaishi bila karatasi. Zinahitaji kupanuliwa, na wabunge wetu wa Haut-Katanga walioko Kinshasa wangeweza kulisukuma jambo hilo. Ila sitaki tungoje sheria.

Na hata sheria ikija kesho, mtindo wa Sweden au Denmark hautatufaa. Denmark inaweza kuzoa kila anwani inayoishia na .dk ikawa imeikusanya sehemu kubwa ya nchi. Ukizoa .cd hutaipata Kongo. Magazeti yetu ya mtandaoni, redio, makanisa, vyama vya kiraia, wasanii, wengi wamejiandikisha kwa .com, .net, .org au .info. Radio Okapi, iliyoanza mwaka 2002 chini ya Umoja wa Mataifa na Fondation Hirondelle na inayotangaza pia kwa Kiswahili, iko kwenye .net. (Na siku ujumbe wa Umoja wa Mataifa utakapofunga virago vyake vyote, taarifa za zaidi ya miaka 20 za nchi hii, kijiji kwa kijiji, zitakuwa mali ya nani na kwenye seva ya nani? Swali hilo lijibiwe kabla ya siku yenyewe.) Kwa nchi kama yetu hakuna programu inayoweza kukisia kwamba tovuti fulani ya .com ni ya watu wa Katuba, komini yetu hapa mjini. Lazima mtu wa Katuba aiambie. Ndiyo sababu nasema orodha ya mkono, ile ya Australia, ndiyo njia yetu.

Mfano ninaoutumia kuwashawishi wenye shaka ni wa mzee André Yav. Mwaka 1965, mji huu ukiwa bado unaitwa Élisabethville, Yav aliandika historia ya mji kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, wale waliowapikia, kuwafulia na kuwalelea watoto Wazungu. Aliandika kwa Kiswahili cha hapa, kile cha migodini na cha uani, akakiita kitabu chake "vocabulaire" ya mji. Kilipigwa kwa taipureta na kutolewa nakala chache. Tahajia yake haifuati shule yoyote. Waliokuja kukichambua ilibidi wakisome kwa sauti ndipo kieleweke. Ndani yake mji unaonekana kutoka upande wa jikoni na wa kambi za wafanyakazi, na sijui andishi jingine la kizazi kile linalousema hivyo bila kuazima kinywa cha bwana.

Nakala moja ilimfikia mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Aliichapisha mwaka 1990, na baadaye maandishi yote yakawekwa mtandaoni kwenye mkusanyiko wa Kiswahili cha watu wa kawaida unaotunzwa Chuo Kikuu cha Amsterdam, pamoja na mazungumzo ya miaka ya 1970 na watu wa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo. Leo kijana wa Kamalondo anayetaka kusoma maneno ya babu yake wa mtaa anayapata kwa simu, bila kulipa, kutoka Uholanzi. Nawashukuru waliofanya kazi hiyo, tena kwa moyo. Lakini tazameni tulipofika: andishi la wapishi wa Élisabethville linategemea akaunti moja ya seva ya chuo kilicho mbali nasi maelfu ya kilomita. Chuo hicho kikibadilisha mfumo wake, uamuzi hautapita Lubumbashi kwanza.

Mkusanyiko ule una somo jingine, la kifundi, na mafundi wetu wa tovuti wangelichukua. Kurasa zake ni maandishi matupu na viungo vya kawaida, hakuna mapambo yanayocheza wala picha zinazojileta zenyewe ukishuka chini. Programu tambazi inazichukua zote bila kukosa hata mstari. Tovuti nyingi za kisasa hapa mjini zinajengwa kinyume chake: maneno yenyewe hayamo kwenye ukurasa, yanaitwa kutoka hifadhidata baada ya ukurasa kufunguka. Mteja anafurahi kwa sababu inang'aa. Programu ikipita inabeba ganda.

Nimetaja historia, lakini jambo hili linagusa pia mifuko ya watu walio hai, na mkoa wetu unajua mifuko hiyo inajazwa na nini. Amri ya waziri mkuu ya Mei 2011 inataka mikataba ya madini na maliasili nyingine itangazwe hadharani ndani ya siku 60. Ni ushindi mkubwa wa mashirika ya kiraia, na mikataba mingi imewekwa mtandaoni. Msimbo wa Madini uliorekebishwa Machi 2018 ukaongeza wajibu mwingine: cahier des charges, lile daftari la ahadi za kampuni kwa vijiji vinavyozunguka mgodi, la shule, zahanati, visima na barabara. Chini ya msimbo huo leseni ya kuchimba inadumu miaka 25. Sasa nijibuni: ni tovuti ngapi za mwaka 2001 zinazofunguka leo na hati zake zote? Mtoto anayezaliwa leo kando ya mgodi atakuwa na umri wa kuoa leseni ikiwa bado haijaisha. Kampuni itakuwa imeuzwa pengine mara mbili, imebadilisha jina, na tovuti ya jina la kwanza imezimwa pamoja na ripoti zake, picha za mawe ya msingi na hotuba za uzinduzi. Chifu atasema waliahidi maji. Mwanasheria wa kampuni atauliza, imeandikwa wapi?

Nakala iliyohifadhiwa vizuri inaweza kujibu. Faili ya WARC inabeba saa na anwani, na maktaba inaweza kuhesabu alama yake ya kidijitali siku ileile. Mtu akibadilisha nukta moja tu ndani yake, alama hailingani tena. Mahakama za nchi hii si ngeni na ushahidi wa namna hiyo. Mwaka 2018, huko Kivu Kusini, mahakama ya kijeshi iliyowahukumu makamanda wawili wa kundi la waasi la FDLR ilipokea picha zilizopigwa kwa eyeWitness, programu ya simu inayofunga ndani ya picha saa na mahali ilipopigwa. Hiyo ilikuwa kesi ya mauaji. Kesi za maji na fidia nazo zinastahili ushahidi usioyumba.

Hapa kuna pingamizi ninaloliheshimu. Kuhifadhi kunaweza kuumiza. Mji huu unakumbuka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, familia nzima zikalala stesheni zikingoja treni. Maneno ya chuki ya namna ile yanaandikwa leo mtandaoni, yakifutwa baada ya saa chache wengi wanashukuru. Je, maktaba iyatunze? Naamini iyatunze, na iyafungie. Atakayechunguza kesho nani aliwasha moto atayahitaji. Anayepita tu hana haja nayo. Ufaransa hairuhusu mtu kusoma hifadhi yake ya tovuti akiwa nyumbani; lazima aende kwenye chumba cha watafiti. Denmark nayo inawafungulia watafiti tu. Kuna pia shahidi aliyetajwa jina bila kuulizwa, msichana aliyepigwa picha baada ya kubakwa, mfanyakazi aliyemlalamikia bosi wake hadharani akiwa na hasira. Hawa wawe na mlango wa kugonga waseme, niondoeni. Mkutubi aliye hapa mjini, anayejua familia na mitaa, anaweza kupima jambo hilo. Mashine ya California haiwezi.

Pingamizi la pili nalisikia kila mara: umeme unakatika, chuo kinahitaji viti, hii ni anasa ya Wazungu. Viti vinahitajika kweli. Lakini gharama inayodhaniwa si gharama halisi. Tovuti ya habari ya maandishi na picha za kawaida haili nafasi kubwa; diski moja ya nje ya terabaiti mbili, ya aina inayouzwa mjini, inabeba nyingi. Programu ya ArchiveWeb.page ya kikundi cha Webrecorder ni ya bure na inaongezwa kwenye kivinjari cha Chrome: unaiwasha, unatembea ndani ya tovuti kama kawaida, unagusa video, unateremsha ukurasa wa Facebook wa redio hadi chini, nayo inaandika kila kinachopita mbele yako ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Umeme ukikatika unahifadhi ulichofikia na kuendelea kesho. Asiye na kompyuta anaweza kuipa Wayback Machine anwani moja kwa simu, na ukurasa ukanakiliwa palepale. Mega zinazoliwa ni chache kuliko za video moja ya harusi.

Mwaka 2022, siku chache baada ya Urusi kuivamia Ukraine, wakutubi na wanahistoria walikusanyana kwa jina la SUCHO. Zaidi ya watu 1,000 wa kujitolea, wengi wao hawajawahi kuonana, walinakili zaidi ya tovuti 5,000 za makumbusho, maktaba na vikundi vya ngoma vya Ukraine. Walianza na jedwali la pamoja: anwani, mji, nani anaishughulikia, imekamilika au bado. Kulikuwa na watu wa kuandika anwani hizo kwa sababu taasisi za Ukraine zilijulikana. Goma, huko mashariki, ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, ni jedwali gani la redio, vyuo na vyama vya huko ambalo mtu wa mbali angelifungua ili asaidie?

Kuwategemea wakubwa peke yao pia ni hatari. Oktoba 2023 wahalifu wa mtandao walivamia British Library, na hifadhi ya tovuti za Uingereza ikawa haisomeki kwa muda mrefu. Oktoba 2024 ikawa zamu ya Internet Archive: data za akaunti milioni 31 ziliibwa na Wayback Machine ikazimwa kwa siku kadhaa. Kahle mwenyewe alilijua hilo mapema. Mwaka 2002 alipeleka nakala ya mkusanyiko wake Bibliotheca Alexandrina, Misri, ili kitu kisiwe mahali pamoja. Kwa hiyo bara letu limewahi kutunza nakala ya intaneti ya dunia. Kutunza ya kwetu hakutushindi.

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi ingeweza kuanza na hatua isiyohitaji bajeti: mwanafunzi anayeleta TFC alete pia flashi yenye nakala ya kila ukurasa alioutaja. Miaka mitano ya kazi hiyo itazaa hifadhi ambayo hakuna mtu aliyeipanga, yenye mambo ambayo vijana wa hapa waliyaona yana uzito. Picha, kituo cha sanaa kilichoianzisha Biennale ya Lubumbashi mwaka 2008, kinafanya kazi na wasanii ambao wanajua thamani ya picha ya zamani ya mgodi. Wangeombwa waorodheshe kurasa za kila toleo, maana maonyesho yakishashushwa ukutani kinachobaki ni hizo. Makumbusho ya Taifa ya hapa Lubumbashi iingie. Parokia ziingie, zina kumbukumbu kuliko serikali.

Jedwali lenyewe lisiwe na makuu. Anwani, mwenye tovuti, lugha, namba ya simu ya kuombea ruhusa, tarehe ya nakala ya mwisho, na safu moja ya kusema iwe wazi au ifungwe kwa watafiti. Nakala ya pili ya diski iende Maktaba ya Taifa, Kinshasa, na ya tatu Kisangani au Mbujimayi, kwa makubaliano kwamba kila upande unatunza diski ya mwenzake. Wanafunzi wa historia na wa mawasiliano wagawane komini saba, Lubumbashi, Kamalondo, Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi na Annexe, wapite kwa miguu redio kwa redio, chama kwa chama, wakiuliza swali moja: mnaandika wapi mtandaoni, na mlikuwa mnaandika wapi zamani? Mimi ningewatuma kwanza kwa redio za mtaa, maana sauti ndiyo inayopotea upesi, na wenye kuitunza kwenye kompyuta zao za ofisini bado wako hai na wanakumbuka faili ziko wapi.